Ratiba Kwanza, Mpira Baadaye: Kuandaa Mashindano ya Kikapu ya Vyuo Buswelu

Mashindano mengi ya kikapu ya vyuo hayafi kwa kukosa wachezaji wala mashabiki. Hufa Jumamosi ya kwanza, majira ya saa 4 asubuhi, wakati timu iliyoamka alfajiri kutoka Malimbe imekaa kivulini na jezi zake, timu pinzani ina mtihani ambao mwandaaji hakuuliza, mwamuzi mmoja ndiyo kwanza anapanda daladala, na kijana aliyeshika kipaza sauti anatangaza kwamba ratiba imebadilika kidogo. Ikibadilika kidogo mara tatu, wiki ya pili haji mtu.

Naandika kwa ajili yako uliye waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, kapteni wa timu, mwalimu wa michezo, au kijana wa hapa Buswelu unayetamani kuona vyuo vya Mwanza vikishindana huku kwetu badala ya kila kitu kuishia mjini. Jezi, vikombe, muziki na wafadhili vyote vina nafasi yake. Kitu cha kwanza kushika mkononi, hata hivyo, ni kalenda.

Wamarekani wanalijua hili kuliko wengi. Vyuo vyao vimegawanywa katika kanda, na kila Machi kila kanda hufanya mashindano yake ya mtoano ya siku chache. Bingwa hupata nafasi ya moja kwa moja katika mashindano ya taifa. Kanda ya Big East imecheza mashindano yake ya wanaume Madison Square Garden, New York, tangu mwaka 1983. Uwanja uleule, wiki ileile. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alicheza humo akiwa na Chuo Kikuu cha Connecticut, miezi mitatu kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika usajili wa NBA wa 2009. Usiku wa Machi 12 mwaka huo, robo fainali ya Connecticut na Syracuse iliingia muda wa nyongeza mara sita na kumalizika baada ya saa 7 usiku, Syracuse wakishinda 127 kwa 117. Watu husimulia nyongeza zile sita. Mimi huvutiwa zaidi na kilichofuata: jioni ya siku iliyofuata Syracuse walikuwa uwanjani tena, nusu fainali dhidi ya West Virginia, kama ilivyoandikwa. Nusu fainali haikusogezwa. Wakashinda tena, safari hii kwa nyongeza moja.

Sisi hatuna Madison Square Garden, wala hatuhitaji. Tunahitaji ile tabia ya kuandika tarehe na kuiheshimu.

Anza na mahali. Buswelu ndiyo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela tangu manispaa hiyo ilipotengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012, kwa hiyo ofisi ya michezo utakayoomba ushauri na kibali haikulazimishi kupanda gari. Barabara ya lami ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu inatuunganisha na upande wa Pasiansi na uwanja wa ndege, na stendi ya Nyamhongolo iko jirani kwa timu itakayotoka upande wa Mara. Timu ya Sengerema au Geita nayo haisubiri kivuko tena: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Tatizo liko kwa vyuo vyenyewe. Chuo kikuu cha SAUT kiko Malimbe, chuo cha uvuvi FETA kiko Nyegezi, chuo cha afya CUHAS kiko Bugando, Chuo cha Benki Kuu kiko Capri Point, na Chuo cha Ualimu Butimba kiko hukohuko kusini. Karibu wote wanavuka jiji zima kutufikia. Usimpangie mtu wa Malimbe mchezo wa saa 2:00 asubuhi kwa sababu tu jina la chuo chake limetoka mapema kwenye droo. Mchezo wa kwanza wa siku upewe timu za karibu au zitakazolala huku. Ukilizingatia hili, nusu ya ucheleweshaji imeshaondoka.

Sasa chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, halafu uanze kufuta. Usianze kwa kutafuta siku nzuri. Anza kwa kufuta siku zisizofaa, na kitakachobaki ndicho chako.

Futa mitihani kwanza. Vyuo vikuu vyetu vingi hufungua kati ya Oktoba na Novemba, mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi, na ya muhula wa pili Julai. Kuanzia hapo hadi Oktoba wanafunzi wako field au nyumbani, na timu yako imetawanyika kutoka Tunduma hadi Tarime. Vyuo vya stashahada na astashahada vina kalenda yao, na CUHAS, kama vyuo vyote vya afya, wana zamu za wodini zisizojali Jumamosi. Usikisie. Waandikie walezi wa wanafunzi wa kila chuo na uombe almanaki ya mwaka, uzipange mezani na kuzilinganisha. Acha wiki mbili nzima kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ya chuo chochote shiriki. Mchezaji anaweza kukubali kucheza wiki ile. Mlezi wake hatakubali, na anayetia saini barua ya ruhusa ni mlezi.

Kisha futa mvua. Kanda ya ziwa ina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, na kiangazi chake cha uhakika ni Juni hadi Agosti. Hapo unaona ugumu wetu: ukavu mzuri unakuja wakati wanafunzi wanajiandaa kwa mitihani au wameondoka. Juni yenyewe ina UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambayo huchukua walimu wa michezo, waamuzi na maofisa wa michezo wa wilaya hadi mkoa. Nikipima yote haya, naona madirisha mawili tu ya kweli kwa mashindano ya vyuo hapa: wikiendi za Januari, vuli ikiwa imepungua na mitihani haijafika, na mwisho wa Mei kuelekea wiki ya kwanza ya Juni, masika yakiwa yanakatika. Kati ya mawili mimi nachagua Januari. Wanafunzi wamerudi kutoka sikukuu na mwaka wa kwanza wameshazoea chuo. Jua la Mwanza nalo huchelewa kuzama mwezi huo, mpaka baada ya saa 1:00 usiku, wakati mwishoni mwa Mei ni saa 12:45 hivi. Sisi tuko magharibi zaidi ya Dar es Salaam, na giza linatufikia kwa wastani dakika 25 hivi baada yao. Kwa uwanja usio na taa, dakika hizo ni mali.

Futa ibada. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia Februari na kuelekea Januari, kwa hiyo iangalie kila mwaka upya kabla hujaitangaza Januari yako. Ijumaa mchana ni ya swala. Jumapili asubuhi ni ya misa na ibada. Halafu kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau katika kanda yenye Waadventista wengi kama yetu: kwa wanafunzi wa TUCASA, chama chao vyuoni, Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha linapozama Jumamosi. Fomu ya usajili iulize mapema kama timu ina wachezaji wasiocheza Jumamosi. Michezo ya makundi unaweza kuipeleka Ijumaa jioni au Jumapili mchana. Kwa nusu fainali jibu si rahisi, na ni heshima kumwambia kapteni kabla hajalipa kiingilio kuliko kumshtua timu ikiwa imeshafuzu.

Futa pia shughuli za watu wengine. Nane Nane ya Kanda ya Ziwa Magharibi hufanyika viwanja vya Nyamhongolo, hatua chache kutoka kwetu, na wiki hiyo hupati turubai, viti wala spika za kukodi kwa bei ya kawaida. Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, hufuata sikukuu ya Ekaristi, inayokuja siku 60 baada ya Pasaka. Pasaka ikiwa mapema, Bulabo hugusa wikiendi zako za mwisho wa Mei. Angalia Pamba Jiji wanacheza lini CCM Kirumba, na ligi ya kikapu ya mkoa ina mchezo gani Mirongo, maana waamuzi unaowataka ndio haohao. Fainali usiiweke kabisa siku ya Simba na Yanga. Na mechi hiyo yenyewe inaweza kuhama: ile ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile, ikachezwa Juni 25. Waliosafiri kutoka mikoani wanaijua gharama yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mashindano madogo kama yetu hayana ruhusa ya kuiga tabia hiyo. Mashabiki wa Simba na Yanga watarudi, wa kwetu hawatarudi.

La mwisho kwenye kufuta ni fedha. Wanafunzi wengi wanaishi kwa boom, yaani fedha ya mkopo, na nauli ya shabiki hutoka humohumo. Tarehe za Bodi ya Mikopo huzipangi wewe, lakini wikiendi ya wiki moja baada ya boom kuingia ina watu wengi kuliko wikiendi ya mwisho kabla haijaingia. Muulize kiongozi wa mikopo chuoni kwako. Anajua.

Umeshapata wikiendi zako mbili. Sasa hesabu saa za uwanja, kwa sababu uwanja mmoja ndio tulionao, na uwanja mmoja hauchezi michezo miwili kwa pamoja.

Mchezo kamili wa sheria za FIBA una robo nne za dakika 10, mapumziko ya dakika 2 kati ya robo ya kwanza na ya pili na kati ya ya tatu na ya nne, na dakika 15 katikati. Ukiongeza saa inayosimama kila filimbi inapolia, faulo, mitupo huru na muda wa makocha, tenga saa moja na dakika 45, pamoja na kupasha misuli. Ukiacha saa itembee bila kusimama isipokuwa dakika 2 za mwisho za robo ya nne, na ukapunguza mapumziko ya kati yawe dakika 8, saa moja na robo inatosha. Pendekezo langu: makundi yachezwe kwa saa inayotembea, nusu fainali na fainali kwa sheria kamili. Wachezaji waelezwe hivyo kwenye kikao cha makapteni, na iandikwe.

Idadi ya michezo ni hesabu ya darasa la saba. Kundi ambalo kila timu hucheza na kila nyingine: zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo ukitoa moja, gawa kwa mbili. Timu 4 ni michezo 6. Timu 8 katika kundi moja ni michezo 28, na hapo umeshashindwa kabla hujaanza. Mtoano mtupu wa timu 8 ni michezo 7 tu, lakini nusu ya timu zitakuwa zimevuka jiji zima kucheza mara moja na kurudi. Makundi mawili ya timu nne ndiyo njia ya haki.

Chukua timu 8 za wanaume katika makundi mawili, A na B, na timu 4 za wanawake katika kundi moja. Makundi ya wanaume ni michezo 12, la wanawake michezo 6. Ongeza nusu fainali mbili za wanaume na fainali mbili: jumla 22. Hii hapa inavyokaa katika uwanja mmoja usio na taa:

Ijumaa ya kwanza, saa 10:00 na 11:15 jioni: raundi ya kwanza ya Kundi A, michezo 2.

Jumamosi ya kwanza, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi 12:00 jioni: michezo 8. Kundi B raundi mbili, Kundi A raundi ya pili, na raundi ya kwanza ya wanawake.

Jumapili ya kwanza, kuanzia saa 7:30 mchana: michezo 4, raundi ya pili ya wanawake na raundi ya mwisho ya Kundi A.

Ijumaa ya pili, saa 10:00 na 11:15 jioni: raundi ya mwisho ya Kundi B.

Jumamosi ya pili, saa 2:00 na 3:15 asubuhi: raundi ya mwisho ya wanawake. Nusu fainali za wanaume saa 9:00 alasiri na 10:45 jioni.

Jumapili ya pili: fainali ya wanawake, timu mbili za juu, saa 8:00 mchana, fainali ya wanaume saa 10:00 jioni, zawadi kabla ya saa 12:30, watu wakaondoka wakiona njia.

Itazame kwa makini. Timu za Kundi B zinacheza mara mbili Jumamosi ya kwanza, kwa hiyo mchezo wao wa kwanza uwe asubuhi na wa pili jioni, angalau saa nne katikati, wapumzike na kula. Nao wanamaliza makundi siku moja tu kabla ya nusu fainali, wakati Kundi A wamepumzika tangu Jumapili. Hilo ni zigo, na kwa uwanja mmoja sioni pa kuliondolea. Dawa yake ni uwazi: ratiba ya makundi, bila majina ya timu, itoke kabla ya droo, kila kapteni aione, halafu mikono iingie kwenye kapu. Mtu hulalamika kidogo kwa alichokiona kabla.

Tazama pia nilipoacha nafasi: Jumamosi ya pili, kati ya saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri. Si uvivu. Ni akiba ya mvua. Ukiijaza kwa mchezo wa maveterani au onyesho la muziki umekula akiba. Nyingine ni Jumapili ya mwisho kabla ya saa 8:00, japo hiyo iguse kwa lazima tu.

Kupanga nani anacheza na nani ndani ya kundi la timu nne hakuhitaji kubahatisha. Zipe timu za kundi herufi A hadi D. Raundi ya kwanza: A na D, B na C. Ya pili: D na C, A na B. Ya tatu: B na D, C na A. Hakuna anayerudia, hakuna anayebaki. Mwisho, kinara wa Kundi A akutane na wa pili wa Kundi B, na kinyume chake.

Kuhusu wanawake nina neno zito. Katika mashindano mengi michezo yao hutupwa saa 6 na saa 7 mchana, jua la utosini, viti vitupu, kisha tunasema kikapu cha wanawake hakina watazamaji. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa unapoza, lakini jua la mchana juu ya sementi halina huruma kwa mtu yeyote. Jumamosi ile ya michezo 8, wanaume na wanawake wagawane saa za mchana sawasawa, na mchezo mmoja wa wanawake uwe wa jioni. Fainali yao iwe siku moja na ya wanaume, mbele ya watu walewale, na zawadi zilingane.

Mvua. Kabla ya kila wikiendi soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa siku na wa siku kumi. Lakini anayekaa kando ya ziwa anajua wingu linaweza kujikusanya na kumwaga ndani ya muda wa robo moja. Andika kanuni mapema: mchezo uliokatizwa na mvua unaendelea pale ulipoishia, kwa pointi zilezile, faulo zilezile na muda uleule uliobaki. Uwe na fagio za mpira za kukokota maji, vitambaa vikavu vya kutosha, na vijana wanne wa kazi hiyo tu. Sementi yenye utelezi huvunja magoti, na goti la mwanafunzi ni ghali kuliko kombe. Radi ndiyo hatari kubwa zaidi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na nguzo za magoli yetu ni za chuma. Ukisikia ngurumo, simamisha mchezo, watu wote waingie ndani ya jengo au ndani ya magari, wasikae chini ya mti wala turubai. Mchezo urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hapo usijadiliane na mtu, hata kama zimebaki sekunde 40 na timu ya nyumbani inaongoza.

Kuna waandaaji wanaouliza kama wafanye mchezo wa watatu kwa watatu badala yake. Ni wazo zuri pale wikiendi mbili zinapokosekana. Mchezo huo hutumia nusu ya uwanja na goli moja, dakika 10 au timu ya kwanza kufika pointi 21, sekunde 12 za kushambulia, wachezaji wanne kwa timu. Umo kwenye Olimpiki tangu Tokyo. Ukitenga dakika 20 kwa kila mchezo na kutumia magoli yote mawili, timu 8 humaliza makundi, nusu fainali, mshindi wa tatu na fainali katika nusu siku. Chuo kidogo kisichoweza kukusanya wachezaji 10 nacho kinaingia. Bado naona mchezo wa watano ndio unaojenga timu ya chuo, lakini siku moja ya watatu kwa watatu iliyokwenda kwa saa ina thamani kuliko wikiendi mbili zilizovurugika.

Waamuzi wapate ratiba siku ileile timu zinapoipata. Wasiliana na chama cha kikapu cha mkoa mapema, na kwa Jumamosi ya michezo 8 usilete waamuzi wawili. Leta sita, wapokezane. Mwamuzi aliyesimama tangu asubuhi huacha faulo za jioni zipite, na faulo zikipita ugomvi huanza. Chakula chao kiwe na saa yake: ongea na mama lishe siku moja kabla, ugali na sato au dagaa vifike kabla ya saa 7, siyo baada ya mtu kulalamika. Posho ilipwe siku hiyohiyo.

Meza nayo ni watu, siyo fanicha. Unahitaji mwandishi wa karatasi ya matokeo, msaidizi wake anayegeuza ubao wa pointi, mshika muda, na mshika sekunde 24. Kama huna saa ya sekunde 24, kijana mwenye saa ya kusimamisha na sauti kubwa atahesabu sekunde kumi za mwisho. Wafundishe wiki mbili kabla, kwenye mazoezi ya timu yoyote. Wanafunzi wa uhasibu wa TIA au CBE huandika karatasi ya matokeo kwa unadhifu unaofurahisha.

Zipo kanuni tatu ambazo zikikosekana kwenye ratiba, ratiba yako ni tangazo tu. Ya kwanza ni ya kuchelewa: timu isiyo na wachezaji watano tayari kucheza dakika 15 baada ya saa iliyoandikwa inapoteza mchezo 20 kwa 0. Ndivyo sheria za FIBA zinavyosema, na itumie hata kwa chuo mwenyeji. Ukiitumia mara moja tu, siku ya kwanza, bila chuki, hutaihitaji tena. Ya pili ni ya pointi: ushindi 2, kushindwa 1, kutofika 0. Ya tatu ni ya kulingana: kwanza angalia waliolingana walipokutana wao kwa wao nani alishinda, kisha tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa kati yao, ndipo uangalie michezo yote ya kundi. Isomwe kwa sauti kikao cha makapteni. Ukiifafanua baada ya timu tatu kulingana, kila mmoja ataona umeitunga kumkomoa.

Kutangaza kunahitaji uvumilivu. Toa tarehe na mahali wiki nane kabla. Ratiba ya saa, timu kwa timu, wiki mbili kabla, baada ya droo. Iwe ukurasa mmoja unaosomeka kwenye simu, saa zikiandikwa kwa Kiswahili tunachokisema, asubuhi, mchana, jioni, maana "8:00" peke yake imeshawapotosha wengi. Bandika karatasi ofisi ya kata, kituo cha daladala, na mbao za matangazo za kila chuo. Taja mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kubadilisha, na njia moja tu ya kupashia habari. Kundi la WhatsApp la makapteni lisiwe na wasemaji kumi.

Na ikitokea dharura ya kweli, msiba chuoni au agizo la serikali, badilisha mchezo unaohusika na huo tu. Usisogeze siku nzima. Sema sababu, sema saa mpya, sema hapohapo.

Kwa shabiki wa Buswelu, Kiseke, Nyasaka au Nyamhongolo ombi langu ni fupi: ratiba ikisema saa 10:00, uwe kitini saa 9:45. Waandaaji huchelewesha mchezo wakisubiri watu wajae, na watu huchelewa kwa kuwa mchezo huchelewa. Mmoja aanze kuuvunja mduara huo, na kwa kuwa sisi ndio tunaokaa karibu, tuanze sisi.

Kama unafikiria Januari, barua za kuomba almanaki za vyuo zitoke Oktoba, mara tu vyuo vinapofungua. Ukisubiri Desemba umechelewa.